Kwa nini posho ya Mtwara hukatika siku ya sita ukibeba familia?

#1 Mpiga Hesabu

Wakuu, salaam.

Kuna hesabu hapa inakataa kufunga. Mtumishi amepangiwa kazi ya siku 10 Mtwara, mwezi wa sita, shule zimefungwa. Anambeba mwenza na watoto wawili: mmoja yuko darasa la tatu, mwingine ana miezi tisa. Nauli ya familia ameitoa mfukoni kabla, kwa hiyo tuiache.

Tuseme posho ni 130,000 kwa siku, jumla 1,300,000. Akiwa peke yake: gesti 40,000, chakula 20,000, bajaji 5,000. Jumla 65,000, anabaki na nusu. Wakiwa wanne: chumba kikubwa 60,000, chakula 45,000, bajaji 10,000. Jumla 115,000. Kwa karatasi inatakiwa kila siku ibaki 15,000, na siku ya kumi arudi na 150,000.

Hairudi. Mtindo huohuo ukifanywa Morogoro au Dodoma hela inafika. Mtwara siku ya sita mtu anaanza kupiga simu Dar. Inavujia wapi? Nataka namba, sio "mke anapenda vitenge".

#2 Pweza Mkavu

Ila vitenge kweli.

#3 KusiniKwetu

Inavuja kwa sababu kazi haiko Mtwara.

Barua inasema "Mtwara" ikimaanisha mkoa. Familia inasikia "Mtwara" ikimaanisha mtaa wa Shangani na bahari. Ukifika, ratiba ni siku mbili manispaa, halafu Nanyamba, Tandahimba, Newala. Mtwara mjini hadi Tandahimba ni kama kilomita 95, Newala ni karibu 140. Lami ya mwanzo inakufikisha Mnivata, kilomita 50. Kutoka hapo mbele barabara imekuwa kwenye ujenzi, kuna vipande vya kuchepuka na vumbi. Kwenda na kurudi kila siku mwili hauwezi, na dereva hatakubali.

Kwa hiyo mtumishi analala Tandahimba au Newala usiku tano au sita, huku familia ina chumba mjini. Ongeza kitanda cha pili 25,000 mara 6, ni 150,000. Hiyo ndiyo 150,000 yako, mkuu. Uzi ufungwe.

#4 Mpiga Hesabu

#3 umenigusa, ila usifunge. Wapo wanaokaa mjini siku zote kumi na bado inakatika.

#5 Bwana Masurufu

Kabla ya kutafuta tundu, hakikisha ndoo ilijaa. Serikalini viwango vya posho ya safari za ndani vilipanda kuanzia Julai 2022: cha juu kutoka 120,000 hadi 250,000, cha chini kutoka 80,000 hadi 100,000. Watu wanaishika namba hiyo kichwani na kuizidisha kwa siku. Wanasahau kwamba ikiwa mwandaaji wa semina amelipia malazi na chakula, hulipwi posho kamili. Unapewa sehemu. Mtu alipiga bajeti ya 1,300,000, mkononi ikaja chini ya nusu, na chumba alicholipiwa ni cha mtu mmoja.

Hapo ndipo pa kuangalia kwa makini. Chumba kimelipiwa na mwandaaji kwa jina lako. Ukiingiza watu watatu zaidi, gesti inadai tofauti. Lipa tofauti hiyo mwenyewe, siku ya kwanza, kwa risiti yake ya EFD iliyo peke yake. Usikubali mapokezi wajumlishe "chumba cha familia usiku 10" kwenye ankara moja inayokwenda kwa mwandaaji. Wenye mashirika yanayolipa kwa gharama halisi, hili huwarudia wakati wa kurejesha masurufu (hela ya safari uliyotangulizwa): mhasibu anaona bei ya chumba imezidi kiwango, anakata yote mpaka maelezo yaandikwe, na mshahara unaofuata unakuja umepungua. Kifungua kinywa nacho hivyohivyo. Gesti nyingi kinahesabiwa kwa mtu mmoja, wanaoongezeka wanalipia, na mtoto wa darasa la tatu anahesabiwa mtu mzima kwa sababu anakula kama mtu mzima.

#6 Mama wa Wanne

Jamani mbona mnajibana? Sheria inasema mwajiri anagharamia mwenza na watoto wanne. Dai haki yako.

#7 Bwana Masurufu

#6 dada, hapo umechanganya uhamisho na safari ya kikazi.

Kanuni za Kudumu za Utumishi wa Umma za 2009 zinamtambua mwenza na watoto au wategemezi hadi wanne pale unapohamishwa kituo. Hapo kuna nauli ya wote, mizigo, posho ya kujikimu ya siku 14 na posho ya usumbufu asilimia 10 ya mshahara wa mwaka. Likizo nayo ina utaratibu wake wa nauli. Safari ya kikazi ya siku 10 ni ya mtumishi peke yake.

Sekta binafsi, mwajiri akiamua kulipia familia ni hiari yake, lakini nauli ya mkeo ikilipwa na kampuni ni sehemu ya kipato chako kikodi. Sheria ya Kodi ya Mapato inasamehe usafiri wa mfanyakazi, mwenza na watoto hadi wanne kwenda au kutoka kituo cha kazi, kwa aliyeajiriwa mahususi kwa kazi ya hapo na makazi yake yako zaidi ya maili 20 na kituo hicho. Semina ya Mtwara haimo.

#8 Mama wa Wanne

Haya, nimepokea. Maili 20 kweli, sheria ya mkoloni imevaa suti mpya.

#9 Binti Mikindani

Wote mnazunguka. Chakula hakiwezi kuwa 45,000, hapo ndipo #1 alipojidanganya.

Watu wanne hotelini mara tatu kwa siku ni zaidi ya hapo. Soda, maji ya chupa, chipsi za mtoto saa kumi, havimo kwenye hesabu yake. Tofauti ya Morogoro ni kwamba kule mgeni anajua bei ya nyama na ndizi. Pwani mgeni anaagiza samaki kwa kumwonyesha kidole, bei inasemwa baadaye.

Anayetaka 45,000 itoshe achukue nyumba yenye jiko badala ya chumba. Zipo za kupanga kwa wiki, Shangani na Bima. Nenda na mtungi mdogo wa gesi wa kilo 6 wenye jiko lake juu, sufuria mbili, kisu, na ndoo yenye mfuniko. Samaki nunua Feri asubuhi, mwambie mpaa magamba amalize kila kitu palepale. Mchele na unga nunua sokoni, sio duka la karibu na hoteli.

Na kabla ya kupanga kitoweo, tazama mwezi. Dagaa wa pwani huvuliwa kwa taa usiku, kwa hiyo mbalamwezi ikiwa kali wavuvi wengi wanapumzika, dagaa wanaadimika na bei inapanda. Siku hizohizo za mwezi mpevu ni bamvua, maji yanakupwa mbali mpaka mwamba unabaki wazi, kina mama wanatoka na mikuki kutafuta pweza. Basi kula pweza wiki hiyo. Aking'ang'ania dagaa katikati ya mbalamwezi alie mwenyewe.

#10 Pweza Mkavu

Nimetajwa na kupikwa hapohapo. Asante.

#11 Chongoe

#9 ongeza la kuogelea, maana watoto ndicho kinachowaleta. Bamvua huku maji yanajaa kwenye saa kumi, alasiri na alfajiri, na yanakupwa kwenye saa nne. Maji mafu, yale ya wiki za nusu mwezi, ni kinyume chake. Kwa hiyo mzazi anayetoka semina saa tisa na nusu, wiki ya bamvua ndiyo yake: anafika pwani maji yamejaa, mwamba umefunikwa. Akija wiki ya maji mafu anakuta maji yamerudi nyuma, mtoto anatembea juu ya matumbawe peku, anakatwa mguu. Viatu vya plastiki vya kufunga, vile vya watoto wa shule za vumbi, vinatosha.

#12 dereva_mbwemkuru

Mmeacha usafiri, na mimi nasema ndio tundu kubwa kuliko gesti na samaki.

Gari binafsi. Dar hadi Mtwara ni kama kilomita 560. Gari linalokula lita 1 kwa kilomita 10 linataka lita 56 kwenda na 56 kurudi, jumla 112. Ukilipeleka Tandahimba mara moja na kurudi, ongeza 19. Ukizunguka mjini siku 10, ongeza 15. Watu wanaweka bajeti ya kwenda na kurudi tu, zile 34 za katikati zinaliwa kimyakimya kwenye posho. Halafu bei kikomo za EWURA, wale wadhibiti wa bei za mafuta, hutolewa kwa bandari: Dar, Tanga na Mtwara kila moja na yake, na hubadilika Jumatano ya kwanza ya mwezi. Usizidishe lita za kurudi kwa bei ya Mbagala.

Na watoto muda sio ule wa basi. Wakubwa peke yao wanatumia saa tisa. Mwenye mtoto wa miezi tisa ahesabu kumi na moja, kwa sababu utasimama Kibiti, utasimama tena baada ya Daraja la Mkapa, utasimama Nangurukuru, na pale kila mtu atataka kitu. Vijijini mwendo ni 50, tochi za trafiki zipo, usijaribu kufidia muda pale. Ukitoka saa kumi alfajiri, unapita Nangurukuru jua limeshakuwa kali ila unaingia Mtwara bado kweupe. Ukitoka saa mbili, kipande cha Mbwemkuru hadi Mchinga unakifanya jioni umechoka, watoto wanalia, na hapo ndipo ajali zinapotafutwa.

Masika usiende bila kuuliza barabara. Mei 2024, mvua na Kimbunga Hidaya vilikata njia upande wa Somanga, magari yakalala siku kadhaa. Mwenye mtoto mchanga abebe maji lita 10 na chakula cha siku moja zaidi, hata kama ni mwezi wa sita.

#13 Mpiga Hesabu

#12 na wanaopanda gari la ofisi je? Hapo mafuta sio yao.

#14 dereva_mbwemkuru

Hapo sasa ndio pabaya. Gari la serikali ni la kazi na la watumishi walio kwenye kibali cha safari. Saa 12 jioni linatakiwa liwe limeegeshwa, kama hakuna kibali kingine. Dereva anaandika kilomita za kuanza na kumaliza kwenye logibuku. Ukimwambia "tupitie Msimbati watoto waone bahari", zile kilomita 80 na ushee za kwenda na kurudi hazina pa kuandikwa. Zikiandikwa zinakuwa hoja ya ukaguzi, zisipoandikwa mafuta hayalingani na mita. Likipata ajali na mkeo yumo, maswali ya kwanza ni nani alimruhusu.

Mashirika mengine yanaruhusu familia kwa fomu ya kusaini kwamba hudai chochote wakiumia. Isome kabla hujaisaini. Mwenza naye ni mtu mzima, asaini mwenyewe.

#15 Pweza Mkavu

Kumbe bosi wangu na shemeji yake kiti cha nyuma kila Ijumaa ni hoja ya ukaguzi. Naficha uzi huu.

#16 Nesi wa Zamu

Afya. Nimeona kila mtu kapita mbali nayo.

Mtwara na Lindi malaria bado ipo kwa wingi, sio kama Dar. Chandarua cha gesti mara nyingi ni kifupi, kinaning'inia juu ya godoro bila kuchomekwa, au kina tundu sawa na ngumi. Beba chako chenye dawa, futi 6 kwa 6, kamba mita 4 na misumari miwili. Mtoto wa miezi tisa alale humo kuanzia saa 12 jioni, sio saa mnazoamua kulala ninyi. Dalili hazianzi usiku wa mbu: kwa kawaida ni siku 7 hadi wiki mbili baadaye, maana yake mmesharudi Dar. Homa yoyote ndani ya mwezi baada ya kurudi, mtoto apimwe na mwambie mhudumu kwamba mlikuwa kusini. Usimpe panado siku tatu ukisubiri.

Kadi za NHIF (bima ya afya ya taifa): kila mtegemezi anayo yake, ya baba haimtibu mtoto. Rufaa ya kanda iko Mitengo, ya mkoa ni Ligula. Ukiwa upande wa Lindi ni Sokoine. Njia ya Masasi kuna Nyangao na Ndanda. Chukua chumvichumvi za ORS pakiti 6 na zinki.

La mwisho ni salfa. Mwezi wa sita mikorosho inapuliziwa. Mtoto mwenye pumu au anayekoroma kifua asipelekwe Tandahimba wala Newala kipindi hicho. Abaki mjini.

#17 Mzee wa Tandahimba

#16 nakubaliana nawe, ila usiwatishe watu kwa jumla jumla.

Salfa ya unga haipulizwi mchana kutwa. Inapulizwa alfajiri, umande ungali kwenye majani na upepo haujaamka, kwa sababu unga unatakiwa ushike ua na jani. Kiasi ni kama robo kilo kwa mti kwa mpulizo mmoja, halafu unarudia baada ya wiki mbili hivi. Kufika saa tatu wenye mashine wameshaenda kunywa chai. Anayepita na mtoto barabarani asafiri baada ya saa nne, vioo vimefungwa, na asikodi nyumba iliyo katikati ya shamba. Mitaa ya mjini Newala hewa ni safi kuliko mnavyodhani.

Tena mnawapeleka watoto pwani mkidhani uwandani hakuna kitu. Newala mwezi wa sita na wa saba kuna baridi, jioni mtoto anataka sweta na soksi, wageni wa Dar wanakuja na kaptula. Kuna Shimo la Mungu, unasimama ukingoni na kuona bonde la Ruvuma mpaka ng'ambo Msumbiji. Bure. Shida ya kweli ya huku ni maji. Juu ya uwanda wa Makonde maji hayajawahi kuwa rahisi. Muulize mwenye gesti ana tangi la lita ngapi na lilijazwa lini, kabla ya kuuliza bei. Mwenye nepi za kufua atanunua maji kwa ndoo, na hilo ndilo tundu la posho ambalo hakuna aliyelitaja.

Kwa hiyo namjibu #3: usiweke vituo viwili. Peleka wote Newala, chumba kimoja, bei ni ndogo kuliko ya mjini.

#18 KusiniKwetu

#17 mzee shikamoo. Lakini wenye familia hawakuja kuangalia bonde, walikuja kuogelea. Ukiwapeleka Newala siku 8 safari inayofuata hawaji.

#19 Mzee wa Tandahimba

Marahaba. Ndio hesabu imefunga sasa, hawaji.

#20 Pweza Mkavu

😂😂 Mzee kamaliza uzi.

#21 Chongoe

Mimi nashauri Lindi. Wakiwa Lindi mjini wawapeleke watoto Tendaguru wakamwone yule mjusi mkubwa wa kale, dinosaria.

#22 Binti Mikindani

#21 mjusi gani? Mjusi yuko Berlin. Wajerumani walichimba kuanzia 1909 hadi 1913, mifupa ikabebwa kwa vichwa vya watu mpaka bandari ya Lindi, ikapanda meli. Yule aliyesimamishwa makumbusho kule ana zaidi ya mita 13 kwenda juu. Tendaguru utakuta kilima, majani na njia mbovu. Mtoto wa darasa la tatu atakuuliza swali gumu na huna jibu.

Mwenye watoto wanaosoma historia awapitishe Kilwa wakati wa kurudi. Nangurukuru hadi Masoko ni kama kilomita 30, kibali kinachukuliwa Masoko kwanza, ndipo boti kwenda Kisiwani. Urithi wa dunia tangu 1981. Dai jaketi la kuokolea la saizi ya mtoto kabla ya kulipa nahodha, la mtu mzima linamvuka kichwa.

#23 Mama wa Wanne

Na ndege? Mbona hamsemi ndege. Saa moja tu Dar hadi Mtwara.

#24 Bwana Masurufu

Ndege kwa mtoto chini ya miaka miwili anayepakatwa ni kama asilimia 10 ya nauli, ila lazima aandikwe kwenye tiketi na uwe na cheti chake cha kuzaliwa, nakala iwepo. Tatizo la ndege ni tarehe. Kazi ikisogezwa siku mbili, tiketi yako ofisi inaibadilisha, tatu za familia unabadilisha wewe. Na kazi za kusini husogezwa. Kama ratiba haijasainiwa, familia isikatiwe ya kurudi, warudi kwa basi.

Kipindi cha minada ya korosho, Oktoba kuendelea, usijaribu kabisa. Gesti zinajaa wanunuzi, wasafirishaji na watu wa vyama vya ushirika, bei inapanda, na chumba cha familia kinauzwa kama vyumba viwili.

#25 Mpiga Hesabu

Nimejaribu kuziweka pamoja. Kitanda cha pili uwandani 150,000 (#3). Tofauti ya chumba na kifungua kinywa tuseme 10,000 kwa siku, 100,000 (#5). Lita 34 za katikati (#12). Maji ya ndoo (#17). Kila mmoja wenu ametaja tundu linalotosha kumaliza 150,000 peke yake, au sehemu kubwa yake. Yote hayawezi kuwa kweli kwa mtu mmoja.

#26 KusiniKwetu

Yanaweza, ndio maana ni siku ya sita badala ya ya tisa.

#27 Binti Mikindani

Hayawezi. Mwenye gari binafsi halipi bajaji, toa 10,000 kwa siku. Mwenye nyumba yenye jiko halipi kifungua kinywa. Tatizo ni chakula, narudia. Aandike siku tatu za kwanza kila shilingi aone.

#28 dereva_mbwemkuru

Mwenye gari halipi bajaji? Baba kaenda nalo Tandahimba, mama yuko Shangani na watoto wawili. Anapanda nini?

#29 Chongoe

Punda.

#30 Mama wa Wanne

Kwani bajaji kutoka stendi ya Mkanaledi hadi Shangani siku hizi ni bei gani, usiku na mizigo? Mwenye uhakika aseme, tunatoka Jumamosi.